Mchimba kisima amevuka mpaka na pesa zetu, akatuachia kijana na mashine

Mama Mshauri,

Ninakuandikia usiku kwa sababu mchana siwezi kushika kalamu bila mtu kuniuliza ninaandika nini. Mimi ni mama wa watoto watano, ninakaa komini ya Ruashi hapa Lubumbashi, na ninauza unga na maharagwe sokoni. Tuko akina mama 14 katika kikundi chetu, na kwa muda wa miezi 36 kila mmoja wetu alitoa dola 15 kwa mwezi. Mimi ndiye mtunza pesa. Daftari liko kwangu, na sanduku lilikuwa kwangu.

Pesa hizo zilikuwa za foraji, yaani kisima cha kuchimbwa kwa mashine. Mtaani kwetu maji ya bomba hayafiki, watoto wanaamka saa kumi usiku kwenda kupanga bidoni za maji, na mwenzetu mmoja alikubali kisima kichimbwe katika paseli yake, yaani kiwanja chake, pale kwenye kona, ili sote tuchote na majirani wanunue. Mwezi wa tano mwaka jana, shemeji yangu, mdogo wa mume wangu ambaye anafanya biashara ya kupanda na kushuka mpakani Kasumbalesa, alituletea Mzambia mmoja mwenye kampuni ya kuchimba visima huko Copperbelt. Alikuwa mtu mpole, mwenye kusema Kibemba kizuri, na akina mama wengi kati yetu tunakisikia, basi tukajiona tuko na ndugu. Tuliandikiana mkataba wa ukurasa mmoja: mita 80, mabomba ya ndani, pampu, tangi la lita 5,000 na paneli za jua, vyote kwa dola 9,600, kazi iishe katika siku 45. Jina lililo upande wetu ni langu peke yangu, kwa sababu kikundi hakina karatasi za serikali. Tulilipa avansi, malipo ya kuanzia, ya dola 5,760 mkononi, naye akatia sahihi kwamba amezipokea.

Mashine zilikuja mwezi wa saba. Walichimba siku nne, vumbi likafunika nguo zote zilizoanikwa mtaani, kisha komprese, mashine ya kusukuma hewa, ikaharibika. Akasema jiwe la chini ni gumu, anarudi Zambia kutafuta vipuri. Wiki mbili baadaye alinipigia kwamba pampu na paneli zimezuiwa mpakani, na inatakiwa dola 1,500 za forodha, ambazo angezitoa kwenye bakaa yake. Alinipa namba ya simu ya kutumia pesa. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke nisiyemjua. Nilituma. Sikuwauliza wenzangu, kwa kuwa nilihofu kwamba tukikutana na kubishana, vitu vingeuzwa mpakani. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Tangu siku hiyo gari lenye mtambo wa kuchimbia lilivuka kurudi kwao na halijarudi. Bado anajibu, lakini kwa sauti za WhatsApp tu: kesho kutwa, wiki ijayo, mwanangu ni mgonjwa, barabara imefungwa. Nilichukua kamba, nikaifunga nati kubwa ya lori, nikaipiga fundo kila mita, nikaishusha katika shimo mpaka nikaisikia imegonga. Mafundo 38. Hakuna bomba, hakuna pampu. Juu ya shimo kuna kipande cha bati na jiwe.

Alichoacha ni komprese mbovu juu ya magurudumu yake, na kijana wa kuilinda. Kijana huyo ana miaka kama 24, hajalipwa tangu mwezi wa saba, analala chini ya turubai kando ya mashine, na ninampa chakula kwa sababu siwezi kumwona mtoto wa mtu akilala njaa. Ananiita *ba mayo*, yaani mama kwa Kibemba. Sasa kaka yangu mkubwa, ambaye ana marafiki katika polisi, anasema tumkamate huyo kijana, naye bosi wake atakuja mbio na pesa. Pia amepata mtu wa kununua komprese kama chuma chakavu. Mume wangu anasema tuuze kiwanja chetu kidogo cha Kasapa tuwarudishie akina mama pesa zao, tufunge mdomo. Na juzi nimesikia kwamba shemeji alipewa na yule Mzambia dola 300 "za usafiri". Wenzangu hawajui habari hiyo. Hawajui pia kwamba zile 1,500 nilizituma peke yangu. Wanadhani zilikuwa ndani ya avansi. Wameanza kunisalimia kwa kifupi.

Je, sheria inaweza kumfikia mtu aliye ng'ambo ya mpaka? Na kaka yangu nimkubalie?

Mimi, Mtunza Daftari, Ruashi.


Mama mpendwa Mtunza Daftari,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa na penseli, kwa sababu umeandika kama mtu anayetunza hesabu: umetoa tarehe, kiasi, na hata mafundo ya kamba. Nataka uanze kwa kuamini kwamba tabia hiyo ndiyo mali kubwa uliyo nayo katika shauri hili. Nilikaa miaka mingi katika ofisi ya karani wa mahakama kabla ya kuanza kujibu barua, na niliwaona watu waliodhulumiwa kweli wakishindwa kwa kuwa walichokuwa nacho ni hasira peke yake. Niseme pia kwamba mimi si wakili wako. Ninachoweza ni kukuonyesha njia zilivyo, pamoja na miiba yake.

Kama nimekuelewa, umelipa dola 7,260 kati ya 9,600, umepata mita 38 za shimo kavu kati ya 80, muda wa siku 45 umepita zamani, na mwenye kazi yuko katika nchi nyingine. Juu ya hayo kuna kijana, kuna komprese, kuna shemeji, na kuna siri moja katika daftari lako. Mambo haya yamekunjamana hata umeyauliza yote kwa swali moja. Nikuombe tuyatenganishe, kwa maana yale yanayokuumiza zaidi siyo lazima yawe ndiyo yanayohitaji mahakama.

Kwanza niulize jambo ambalo huenda halitakupendeza. Unajua kwa hakika kwamba mtu huyu alikuja kuiba? Alileta mashine, akachimba siku nne, na chuma chake chenye thamani bado kiko kwenu. Tapeli wa kawaida haachi komprese. Inawezekana alikutana na mwamba mgumu, mtambo ukamshinda, pesa yenu akaitia katika deni jingine, na sasa anakimbia aibu. Simtetei: mkandarasi aliyepokea avansi na kushindwa kazi anadaiwa hata kama alikuwa na nia njema. Lakini tofauti hiyo ndiyo inayogawa njia mbili za sheria, na kaka yako anataka kuingia katika njia ya pili bila kujua kama mlango wake uko wazi.

Njia ya kwanza ni ya madai. Sheria yetu ya mikataba ni ya zamani sana, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, lakini bado ndiyo inayotumika, na inasema kwamba makubaliano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliokubaliana. Upande mmoja ukishindwa kutimiza, upande wa pili una hiari ya kudai kazi itimizwe ikiwa bado inawezekana, au kumwomba hakimu auvunje mkataba na kuamuru fidia. Tena inawezekana kuomba ruhusa ya hakimu ili mtu mwingine aimalize kazi kwa gharama ya yule aliyeshindwa. Hiari hiyo ni yako, na sijaona katika barua yako kama umekwisha kuichagua. Mnataka maji, au mnataka pesa? Ukiwauliza akina mama 14 huenda ukapata majibu 14, lakini lazima muulizane, kwa sababu barua ya kudai kisima ni nyingine na barua ya kudai pesa ni nyingine.

Njia ya pili ni ya jinai. Kanuni yetu ya adhabu, kifungu cha 98, inamwadhibu anayejipatia mali kwa jina la uongo, cheo cha uongo au hila. Kifungu cha 95 kinamgusa aliyekabidhiwa pesa au kitu kwa matumizi maalumu, kisha akakigeuza kwa faida yake. Kushindwa kumaliza kazi peke yake hakuingii huko. Ila zile dola 1,500 zina sura tofauti na avansi. Ulizitoa kwa kusudi moja tu, forodha ya pampu na paneli. Ikiwa mizigo hiyo haikufika Kasumbalesa kamwe, hapo pana jambo la kumweleza mwendesha mashitaka. Kwa hiyo, kabla ya kutamka neno wizi mbele ya mtu yeyote, mwombe yule mkandarasi kwa maandishi akutumie picha ya karatasi ya forodha na risiti ya malipo. Akiileta, umejua. Akikaa kimya au akituma tena habari za mtoto mgonjwa, kimya hicho nacho kitakaa katika simu yako kikiwa na tarehe yake.

Simu hiyo, kwa njia, usiibadilishe, usiiuze, wala usifute chochote ndani yake. Tangu Sheria ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, nchi yetu inatambua maandishi ya kielektroniki kuwa ushahidi. Nenda katika kibanda cha kampuni ya simu uombe taarifa ya muamala wa zile 1,500, wenye namba na jina la yule mwanamke. Utakapokuja kuulizwa uthibitisho kwamba pesa iliyoingia kwa mwanamke huyo ilikuwa ya mkandarasi, jibu liko katika ujumbe ule aliokupa namba. Kama alikupa kwa mdomo tu, mwandikie leo kwa upole: "Zile dola 1,500 nilizotuma kwenye namba uliyonipa, zimefanya kazi gani?" Akijibu bila kukana kwamba alizipokea, umepata karatasi ambayo hukuwa nayo jana.

Sasa nizungumze juu ya kijana, na hapa nitakawia kidogo, kwa sababu ninaona kwamba moyo wako tayari unajua jambo ambalo kaka yako hajalifikiri. Jina la kijana haliko katika mkataba. Hakupokea dola hata moja. Kinyume chake, mdaiwa wenu ni yule yule, kwani kijana naye anamdai bosi wake. Kumkamata mtu ili mtu mwingine alipe deni ni jambo ambalo sheria haina jina zuri la kuliita. Kongo imefungwa na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa tangu 1976, na kifungu cha 11 kinakataza hata mdaiwa mwenyewe kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Sembuse mlinzi wake. Katiba yetu, kifungu cha 18, inasema kushikwa kwa polisi kusipite saa 48 bila kufikishwa mbele ya mamlaka ya mahakama. Rafiki za kaka yako wanayajua haya. Wanajua pia kwamba kila saa ya mtu ndani ina bei yake, na bei hiyo hailipwi na Mzambia aliye ng'ambo, inalipwa na familia iliyoleta shauri. Baadaye, ubalozi wa nchi yake au wakili wa bosi wake akiamka, mshitakiwa anaweza kuwa wewe, na deni lenu lote litapotea chini ya kesi hiyo mpya.

Zaidi ya hayo, kijana huyo ndiye shahidi wenu. Ndiye aliyekuwepo siku mtambo ulipofika, ndiye anayejua ni mita ngapi zilichimbwa, komprese iliharibikaje, na bosi alisema nini alipoondoka. Mtu anayekuita *ba mayo* huenda akakubali kukaa chini na kueleza hayo mbele ya mtu wa tatu, akatia sahihi. Na kama anataka kurudi kwao, nafikiri siku atakayorudi isiwe siri. Aondoke kwa hiari yake, watu wakiona, baada ya kuandika kwamba mashine ameiacha katika hali gani.

Tukija kwenye komprese, kaka yako amekaribia ukweli lakini ameuvuka. Sheria za OHADA, yaani sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika, zinazotumika hapa kwetu tangu Septemba 2012, zinamruhusu mdai aliyeshika kihalali kitu cha mdaiwa wake kukizuia mpaka alipwe. Kuzuia, si kuuza. Na hata kuzuia kuna masharti: deni liwe la hakika, kiasi chake kijulikane, muda wake wa kulipwa uwe umefika, na deni liwe na uhusiano na kitu kile. Komprese ililetwa kwa ajili ya kisima hiki hiki, kwa hiyo uhusiano upo. Penye utata ni kiasi, nitakirudia. Mnunuzi wa chuma chakavu akiibeba, mtakuwa mmeuza mali ya mtu, labda hata si ya mkandarasi, kwani wachimbaji wengi hukodi mitambo yao. Je, kuna kibao chenye namba juu ya injini? Kipige picha. Piga picha magurudumu, piga picha pale palipovunjika. Kuna njia ya kisheria ya kuishika mashine hiyo: mdai mwenye dalili za kutosha, anayehofia kwamba mdaiwa atatorosha mali, anaweza kuomba ishikwe kwa muda na uisie, yule ofisa wa mahakama anayepeleka hati, kisha afungue kesi upesi kabla ya ushikaji huo kupoteza nguvu. Ina gharama, na ikiwa mashine ni ya mtu mwingine mwenye risiti zake, ataipata. Lakini kama mali pekee ya mkandarasi iliyo upande huu wa mpaka ni hiyo, wakili wako ataiangalia kabla ya kuangalia kitu kingine chochote.

Kiasi, basi. Umeandika kana kwamba unadai dola 7,260 zote. Mwenzako atasema: nimechimba mita 38, nimeleta mitambo, nimelipa mafuta na watu, jiwe lilikuwa gumu. Mkataba wenu una bei moja ya jumla na hauna bei ya mita, wala hausemi itakuwaje mwamba ukikataa, na hilo ni pengo ambalo hakimu atalitumbukia kabla yenu. Kwa sababu hiyo ile njia fupi ya OHADA ambayo mtu anapata amri ya malipo bila kesi ndefu inaweza kuwakwamia, kwa maana inataka deni lisilobishaniwa kiasi chake. Kwa zile 1,500 pengine ingefaa. Kwa zilizobaki sina uhakika huo. Dawa ya pengo hili ni fundi asiye na upande, mchimbaji mwingine au mjuzi wa maji, ashushe kipimo chake, aandike urefu, upana, kama shimo limesimama wima au limeporomoka, na kama linaweza kuendelezwa au ni la kufukiwa. Shimo linaloweza kuendelezwa lina thamani. Lililopinda ni hasara tupu.

Ukishapata karatasi hiyo, hatua ambayo haikwepeki ni barua ya kumtaka atimize wajibu wake. Sauti za WhatsApp hazitoshi. Iwe barua yenye tarehe, inayotaja mkataba, malipo yote mawili, siku 45 zilizopita, na muda mpya unaompa, iandikwe kwa Kifaransa na tafsiri ya Kiingereza, ipelekwe kwa uisie au kwa njia itakayoacha uthibitisho wa kupokelewa, na nakala imfikie kwa simu. Bila onyo la namna hiyo, fidia ya ucheleweshaji ni ngumu kuipata, tena kwa watu wengine barua hiyo peke yake huwafungua masikio.

Asipojibu, swali lako la mpaka linafika. Sheria ya mahakama ya tarehe 11 Aprili 2013 inaruhusu mgeni kushitakiwa hapa kwetu ikiwa wajibu unaobishaniwa ulizaliwa au ulipaswa kutekelezwa Kongo, na kisima cha Ruashi hakiwezi kuchimbwa mahali pengine. Lubumbashi ina Mahakama yake ya Biashara. Muda wa kushitaki katika deni la kibiashara ni miaka mitano, basi usikimbizwe na hofu kwamba mlango unafungwa kesho. Ugumu uko mwishoni. Zambia haimo katika nchi 17 za OHADA, wala hukumu ya Lubumbashi haivuki Kasumbalesa ikashika gari la mtu Kitwe au Chingola. Lazima ipelekwe tena mbele ya hakimu wa huko. Unaweza pia kumfuata moja kwa moja katika mahakama za Zambia, ambako mali yake iko. Huko sheria ni ya mapokeo ya Kiingereza, karatasi zako za Kifaransa zitahitaji mfasiri, na mdai anayeishi nje ya nchi anaweza kuamriwa aweke dhamana ya gharama kabla ya kusikilizwa. Kwa dola elfu saba, naomba uhesabu kwa kalamu yako mwenyewe nauli, wakili, tafsiri na siku za soko utakazopoteza.

Kabla ya hesabu hiyo, tafuta kujua unamdai nani. Kampuni iliyoandikwa juu ya mkataba ipo kweli? Zambia ina ofisi ya kusajili kampuni, PACRA, na ina mamlaka ya maji, WARMA, inayowapa wachimba visima leseni. Ndugu au mfanyabiashara mwenzako aliyeko upande ule anaweza kuuliza. Kama kampuni imesajiliwa na ina leseni, mkandarasi ana kitu cha kuogopa kukipoteza, na lalamiko lililoandikwa vizuri kwa mamlaka hiyo linaweza kumsukuma kuliko polisi wa kaka yako. Kama haipo, jina unalolidai ni la mtu binafsi, na pia lile neno la jinai, cheo cha uongo, linaanza kupata uzito.

Kuna njia moja ambayo hukuitaja, labda kwa kuwa inaonekana ya kinyonge. Mnasikilizana kwa lugha. Mtu huyu bado anapokea simu. Mzee anayeheshimika pande zote mbili, mchungaji, au mpatanishi rasmi, angeweza kukaa nanyi Kasumbalesa kwa siku moja. Pendekezo linaweza kuwa arudi amalize kwa zile dola 2,340 za bakaa zikilipwa baada ya maji kutoka, au awaachie komprese kwa karatasi ya mauzo iliyo halali, au arudishe pesa kwa mafungu. Mapatano ya namna hiyo yana hatari yake: mtu aliyezoea kusema kesho kutwa atasaini pia kesho kutwa. Ndiyo maana yaandikwe na wakili, yataje tarehe na mahakama itakayohusika mkikwama, na yawe na kukiri deni kwa kiasi kamili. Hata akivunja tena, utakuwa umetoka na kile kiasi cha hakika ambacho leo hunacho.

Nimebakiza nyumba yako. Mkataba una jina lako, kwa hiyo mbele ya sheria mdai ni wewe, na hilo linakupa nguvu ya kudai bila kusubiri kikundi kipate karatasi. Lakini pesa ni za wenzako, na wakili atataka idhini yao iliyoandikwa kama gharama zitatoka katika sanduku. Huwezi kuiomba idhini hiyo huku wakidhani 1,500 zilikuwa ndani ya avansi, kwa sababu kiasi hicho kitasomwa kwa sauti katika karatasi ya kwanza kabisa. Unahofu kwamba wakijua watasema umekula. Niulize tu: wanaokusalimia kwa kifupi sasa, wanafikiri nini? Ulituma pesa kwa hofu ya kupoteza mali ya kikundi, na taarifa ya simu inaonyesha zilikokwenda. Hilo linaweza kusemwa likasikika, hasa likisemwa na wewe kabla halijasemwa na mwingine.

Dola 300 za shemeji ni jambo la ukoo kwanza. Anayemleta fundi mara nyingi hupewa cha nauli, na huenda hakuona ubaya. Angekuwa wa kwangu ningemwita na mume wako mbele, kabla ya mkutano wa akina mama, nimpe nafasi ya kusema mwenyewe. Yeye anajua nyumba ya yule mtu, na anaweza kuwa na deni la kukusindikiza mpaka mlangoni kwake. Nawe unamfahamu kuliko mimi.

Kuhusu kiwanja cha Kasapa, mume wako amesema neno la mtu anayekupenda na anayetaka kelele ziishe. Siwezi kusema asikilizwe au asisikilizwe. Ila kuuza leo ni kukubali kwamba hasara yote ni yako, kabla hata mjuzi hajapima shimo, na wenzako wanaweza kukipokea kama ukarimu au kama kukiri kosa. Mkifikia huko, iwe baada ya kuwaeleza, nao waseme kama wanataka kulipwa na wewe au kudai pamoja nawe.

Jambo moja lisisubiri mkutano wala wakili. Mvua za mwezi wa kumi na moja zikifika, maji machafu ya mtaa yatateremka katika shimo lile mpaka kwenye maji ya chini, na bati lenye jiwe halimzuii mtoto wa miaka mitatu. Mtafute fundi wa kuchomelea afunike mdomo wa shimo kwa kipande cha chuma chenye kufuli, ukuta mdogo wa saruji ukizunguka, na risiti yake uibandike katika daftari, kwani ni gharama mtakayoidai. Yule mjuzi akija kupima, afungue kufuli mbele ya kijana na mbele ya mama mmoja au wawili wa kikundi, na kamba yako yenye mafundo iwepo, ishushwe kando ya kipimo chake. Uniandikie tena vipimo hivyo viwili vilisema nini.